Mwamvita na Karatasi ya Mwenye Pikapu

Mwamvita wa Kinole ni mkulima wa iliki, mwanamke wa maneno machache. Jambo lililomfanya ajulikane mpaka Mkuyuni lilianza siku mdogo wake, Sabra, alipopanda bodaboda kushuka mjini kununua vitambaa. Karibu na Kiroka, pikapu ya mananasi ilitaka kulipita lori kwenye kona, ikawafagia. Mwendesha bodaboda alichubuka tu. Sabra alivunjika paja na goti la mguu wa kulia, na kazi yake ni ya cherehani cha kukanyaga.

Ndugu waliofika pale walitaka kumrudisha mlimani kwa fundi wa kuunga mifupa, kama wafanyavyo wengi. Mwamvita alikataa. Alinakili namba ya pikapu, akampitisha mdogo wake polisi kuchukua fomu ya majeruhi, PF3, ndipo wakaenda hospitali. Huko wodini, mama wa kitanda cha jirani alimwelekeza kwa Cecilia, msaidizi wa kisheria asiyetoza hata senti.

Cecilia alimweleza polepole, naye akauliza kila asichoelewa. Gari lile lina bima, na bima ndiyo inayotakiwa kumlipa Sabra fidia. Wataomba PF3, ripoti ya polisi, hukumu ya kesi ya barabarani, na ripoti ya daktari inayosema mguu umebaki na ulemavu kiasi gani. Daktari naye hawezi kuandika hilo mpaka mfupa utulie.

"Kwa hiyo, dada yangu, msisaini kitu chochote kabla ya hapo," Cecilia alimwambia. "Mkisaini mmemaliza, mtakuwa mmejifungia mlango wenyewe."

Miezi miwili baadaye Sabra akiwa nyumbani, Abuu aliingia uani akiwa na jogoo kwapani. Abuu ni mtani wa ukoo wao. Nyuma yake alikuwa Thobias, dereva wa pikapu, baba wa watoto watatu, macho yake chini. Kwa watu wa huko, aliyekosa humtuma mtani kumwombea msamaha, na mtani hafukuzwi. Wa kumjibu ni mjomba, mkubwa wa ukoo wa mama. Mjomba wao, Mzee Said, alikuwa keshakaa mkekani.

"Nyie watu hata gari hamjui kulikwepa," Abuu alisema. "Mnajua kukwepa jembe tu."

"Na wewe umeleta jogoo mmoja kwa mguu mzima," mjomba akamjibu. "Ukoo wenu mtazikwa na ubahili wenu."

Hata Sabra alicheka. Abuu akatoa karatasi iliyochapwa kwa kompyuta, akamwomba mpwa mmoja aisome: familia imesamehe, na haina madai yoyote kwa dereva, mwenye gari wala bima yake. Kisha akafungua kidau cha wino. Mjomba akanyoosha dole gumba.

Mwamvita aliona fidia ya mdogo wake ikienda. Lakini mjomba hakatizwi mbele ya wageni. Akasogea, akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Si umeshanisalimu leo?"

"Naomba nimuulize mtani jambo moja. Mtani, hii kaandika nani? Wewe hata jina la mkeo huliwezi."

"Kaandika mwenye gari," Abuu alisema, akicheka. "Mimi mbeba jogoo tu."

"Na wewe, ndugu Thobias, kakwambia nini?"

"Kaniambia bila hii mtauza nyumba yangu."

"Bima yake ndiyo italipa, kaikatia siku kama ile. Nyumba yako hatuitaki." Akamgeukia mjomba. "Mjomba, msamaha ni wa ukoo, na wewe ndiye wa kuutoa. Huyu hatuna kinyongo naye. Lakini mguu ni wa Sabra, na daktari bado hajasema kama goti litakunjika. Tukiweka dole hapa tunagawa kitu ambacho hatujakiona."

Mjomba alilirudisha dole lake. Kisha akaikunja ile karatasi, akamrudishia Abuu.

"Mwambie mwenye gari aje mwenyewe," alisema. "Mwamvita, lete daftari. Andika kwamba Thobias tumemsamehe. Ishia hapo."

Aliandika mistari minne kwa mwandiko ulionyooka, mjomba akaweka dole. Jogoo akachinjwa, wakala pamoja.

Mahakamani, Thobias alikiri kosa bila kuzunguka, akatozwa faini, na hukumu ile ikaambatanishwa kwenye madai. Hata hivyo haikuwa safari ya siku moja. Kampuni ya bima ilipoteza nakala, ikaomba nyingine, ikanyamaza. Mwamvita alishuka mjini kila Jumanne, mvua na jua, akikaa kwenye benchi la mapokezi mpaka mtu atoke kumjibu. Daktari aliandika kwamba goti halitakunjika tena. Fidia ilitoka mwezi wa kumi na tano tangu ajali. Sabra alinunua cherehani cha umeme, anakiendesha kwa mguu wa kushoto, na ameanza kupokea sare za shule.

Tangu hapo watu humfuata Mwamvita. Abuu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo: shemeji yake kagongwa na pikipiki Mlali, na ndugu wamempeleka moja kwa moja kwa fundi wa mifupa. Mwamvita alimtania kidogo, akamkaribisha chai, kisha akaingia ndani kubadili kanga ili waende wote polisi.