Kompyuta ya Kuandikia kwa Kusimama

Daftari la mwisho la Bi Mkaguzi liliishia mdomoni mwake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukagua usalama viwandani. Mwenye kiwanda cha mbao, ambaye wafanyakazi walimwita Nyundo kwa ajili ya ngumi zake, alimkuta akiandika kwamba misumeno haina vikinga. Alimzaba makofi mawili, akachana kurasa na kumsokomezea kinywani.

"Kula ripoti yako!"

Alitoka pale na pengo la jino, na kesi hakuna, maana ushahidi wote ulikuwa kwenye zile karatasi. Wiki mbili baadaye mmoja wa misumeno ile ukamkata fundi mmoja vidole vitatu.

Ofisi ikakubali kumnunulia kompyuta. Alikwenda dukani na dada yake, nesi asiye na simile.

"Chukua hii nyembamba, mama," muuzaji alisema.

"Nitaiweka wapi? Kiwandani hakuna meza. Mimi huandika nimesimama."

Muuzaji akatoa zile ambazo kioo chake hupinduka mpaka mgongoni, zikawa kama ubao wa kuandikia kwa kalamu. Bi Mkaguzi alizipakata moja moja, akazunguka duka akiandika. Ya kwanza ilimchosha kiganja kabla hajafika mlangoni. Ya pili maneno yaliifuata kalamu kwa kuchelewa, kama mlevi anayefuata wenzake. Ya tatu aliitoa juani, akaona uso wake tu. Ya nne ikakubali. Aliikunja na kuikunjua mara ishirini kupima bawaba.

"Mama, unanunua laptop au mlango?" muuzaji akacheka.

"Ikipigwa chini je?" nesi akauliza.

"Itavunjika."

"Na maandishi?"

"Mtandao ukiwepo, kila neno linafika ofisini papo hapo."

"Tufungie hiyo," akasema Bi Mkaguzi.

Jumatatu asubuhi alirudi kiwandani. Alikuwa kwenye msumeno wa tatu Nyundo alipomjia na kipande cha ubao. Pigo la kwanza lilimpasua paji la uso. Damu ikamwingia jichoni, mkono ukaendelea kuandika. La pili likamvunja kifundo cha mkono. Nyundo akainyakua kompyuta na kuisukumiza kwenye msumeno unaozunguka. Vyuma vikalia, vipande vikaruka, kimoja kikamchana Nyundo shavu. Hapo akamrukia Bi Mkaguzi na kumkaba koo. Mafundi wanne wakamng'oa, wakamwangusha, wakamkanyaga bila huruma, mpaka Bi Mkaguzi, akikohoa sakafuni, akapiga kelele:

"Basi! Mtamuua!"

Ofisini ripoti ilikuwa imefika, sentensi ya mwisho imekatika katikati. Ilitosha. Nyundo akafungwa jela, na kiwanda kikafungwa.

Siku ya kutia kufuli, mmoja wa wale mafundi wanne alimsogelea.

"Umefanya haki, mama, sikatai. Lakini kesho mimi naamkia wapi?"

Fundi akajitwika begi lake la vifaa, akaondoka bila kuaga.