Ubani wa Mchana

Mpaka leo manukato ya chupa hayanivutii. Binti yangu hujipulizia ya kwake asubuhi, na kabla ya adhuhuri harufu imeshamkimbia. Mie nataka moshi: udi uliopikwa kwa sukari na marashi, kaa jekundu kwenye chetezo, na nguo imetandazwa juu ya kikapu kilichopinduliwa, inukie taratibu. Kanga iliyofukizwa hivyo, ukiitoa sandukuni baada ya mwezi, bado inanukia.

Nilipoolewa mtaa wa Usagara nilikuwa sijui kitu. Kwetu Mwera mama alikuwa na ubani tu, akimaliza kufagia anautia, nami nikadhani moshi ni moshi. Mama mkwe wangu, mtu wa Pemba, udi wake alikuwa akiupika mwenyewe na kuufungia kabatini. Hakunisemesha sana, na mimi nilitamani mno anipende.

Basi akapatwa na homa, ikawa hatoki hata barazani. Mchana mmoja nikadeki nyumba, nikafungua madirisha, nikatia ubani tele ili akiamka afurahi. Kumbe mtaani pale, nyumba yenye mgonjwa ikifuka ubani kiasi kile, watu hawaulizi mara mbili. Jirani akaingia kajitanda kanga, machozi tele.

"Amekwenda saa ngapi?"

Nyuma yake wakaingia wenziwe, na mmoja keshaanza kutandika mkeka. Kabla sijawaambia kitu, mlango wa chumbani ukafunguka, mama mkwe akatoka, shuka mabegani.

"Nani kafa?"

Akanusa, akanitazama. Nikajua leo narudishwa Mwera. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Majirani walipokwisha kunywa chai na kuondoka, akaniita akafungua kabati.

"Njoo, mwanangu. Wa furaha ndio huu." Akaifukiza kanga yangu kwa mkono wake, akanitanda. "Na ule wako uweke. Siku yangu ikifika, utie wewe. Kuita watu ushajua."

Miaka mingi tulipika udi pamoja tukiurudia utani ule, na nilimpenda sana yule mama. Mwaka jana niliutia ule ubani. Majirani wakaingia wamejitanda kanga zao, mkeka ukatandikwa, nami nikajikuta nautazama mlango wa chumbani.