Michembe Iliyolala na Dagaa

Juzi niliingia duka moja pale mjini, haya maduka mapya yenye kiyoyozi na mlinzi anayekuangalia kama umeshaiba tayari. Nilifuata sabuni, nikakuta michembe. Michembe, ndugu yangu! Imetiwa kwenye pakiti inayong'aa, imebandikwa lebo, imepangwa pembeni ya biskuti kama na yenyewe imesoma. Nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akasogea. Nikanunua pakiti, nikatoka nje, nikaipasua palepale mlangoni, nikanusa.

Haikunuka chochote. Nikabaki nimesimama juani kama nguzo. Maana michembe niliyokuzwa nayo mimi ilikuwa na harufu, na harufu hiyo nusura imkoseshe mama mdogo mume.

Kama hukukulia huku kwetu, ngoja nikupe darasa fupi. Viazi vitamu vikiwa vingi unavimenya, unavikata vipande vyembamba, unaanika juani mpaka vikauke kabisa. Hapo umepata michembe. Inakaa muda mrefu tu, na siku ukiwa na njaa unaichemsha, ukitaka kujidai unaitia karanga za kutwanga. Bibi yangu alikuwa fundi wa hiyo kitu. Alikaa Igogo, hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, na kila likizo ya mwezi wa sita mama alitupeleka kwake mimi na kaka yangu. Alisema tunaenda kumsaidia bibi. Ukweli tulikuwa tumemchosha.

Nyuma ya nyumba ya bibi kulikuwa na jiwe, bapa mgongoni, kubwa kuliko nyumba yenyewe. Kiangazi kikikolea lilipata moto hivi kwamba hata mbuzi alipita juu yake anaruka kama anacheza ngoma. Asubuhi, kabla halijachemka, tulikaa upande wa kivuli na visu vyetu: bibi, mama mdogo, kaka na mimi. Viazi vilikuwa vinatoka Sengerema kwenye viroba, bado vina udongo. Ulisikia visu tu, kwich, kwich, kwich, na chini huko ziwani injini za mitumbwi. Bibi alikuwa anachukua kipande nilichokata, anakiinua juani. Mwanga ukipita, anakitupa kwenye ungo bila neno. Usipopita, ananigeukia.

"Mke mwenzangu, hiki ni kiazi au ni kigoda?"

"Ni cha babu, bibi. Anapenda vinene."

"Ndiyo maana alikufa mapema, ulikuwa unampikia wewe."

Babu mwenyewe alikufa sijazaliwa. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, matani asubuhi mpaka jioni.

Mchana tulikula viazi vya kuchemsha na maziwa mgando, halafu bibi alitoa sindano yake ya magunia na kuendelea na turubai. Hilo turubai alilishona mwenyewe kwa viroba vikuukuu, cha unga kimeungana na cha sukari, cha sukari kimeungana na cha mbolea, maandishi mengine yako kichwa chini. Uzi aliuchomoa humohumo kwenye viroba. Kila mwaka liliongezeka kipande. Jioni tulilifunika juu ya michembe, umande usiiguse, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wasifanye harusi yao humo.

Kazi yangu na kaka ilikuwa kufukuza makorongo. Unamjua korongo wa Mwanza? Ana kipara, shingo ndefu, anatembea polepole kakunja mabawa nyuma kama mwalimu wa zamu anatafuta waliochelewa. Ukimrushia kijiwe hakimbii. Anakutazama kwanza, anafikiria, halafu anaondoka kwa hiari yake.

Sasa, kwenye jiwe lile hatukuwa peke yetu. Jirani yetu alikuwa anauza dagaa, na dagaa nao wanataka jiwe la moto. Mwanzoni walianika popote. Ila mchana upepo wa ziwani unavuma kutoka upande wake kuja upande wetu, na bibi akaanza kulalamika kwamba michembe yake inavua samaki. Basi akachukua mkaa akachora mstari mweusi katikati ya jiwe. Huku viazi, kule dagaa. Jirani naye akanuna. Tangu hapo hawakuongea, isipokuwa salamu, maana kwetu unaweza kumsusia mtu kila kitu ila siyo shikamoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi. Kila mmoja anageukia kwake. Mimi na kaka ndio tuliokuwa polisi wa mpaka. Dagaa mmoja akipeperushwa kuvuka mstari, tunamrudisha kwao, baada ya kumpa adhabu ya kuliwa kichwa.

Mwaka huo mama mdogo alikuwa amepata mchumba kutoka Geita. Wakwe walisema watakuja Jumamosi, mama mkwe mwenyewe ndani ya msafara. Bibi alikuwa na sheria yake: mkwe akija kwa mara ya kwanza, halishwi pilau ya kuazima masufuria. Anapewa michembe na karanga. "Pilau inaficha mambo," alisema. "Michembe inamsema aliyeipika." Kwa hiyo michembe ya juu ya jiwe siku zile haikuwa chakula tena. Ilikuwa mtihani, na mama mdogo ndiye mtahiniwa. Alikuwa akiigeuza kipande kimoja kimoja, midomo inacheza kama anasali.

Siku mbili kabla ya wageni, bibi alikwenda msibani mtaa wa chini. Jirani alikuwa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kufuata dagaa wengine. Tukabaki watatu.

"Mama mdogo, wingu," kaka akasema.

"Wingu la mwezi wa sita? Acha uongo wako."

Ila mvua ya ziwa haiulizi mwezi. Ule upande wa maji ulikuwa umeshakuwa mweusi kama sufuria ya msibani, na tone la kwanza lilinipiga puani. Tukaanza kukimbia, tunakusanya michembe katikati, mama mdogo anavuta turubai. Kwa upande wa pili wa mstari dagaa walikuwa wametandazwa kote, hawana mtu. Na dagaa waliokaribia kukauka wakilowa, ndugu yangu, huna dagaa, una uvundo.

Mama mdogo akasimama na pembe ya turubai mkononi. Akaangalia michembe. Akaangalia dagaa.

"Turubai ni moja," nikamwambia, "na dagaa siyo wetu."

"Waleteni huku. Rundo moja."

"Na mstari?" kaka akauliza.

"Anayeolewa ni mstari au mimi? Waleteni!"

Tukawazoa kwa ungo, kwa mikono, kwa gauni langu. Tukawamwaga juu ya michembe, tukafunika, halafu tukakalia pembe za turubai upepo usilichukue. Mvua ikatutandika pale tukiwa tumekaa kama mawe ya kuzuia bati. Mama mdogo alikuwa analia. Au ilikuwa mvua, sijui, hakuna aliyeuliza.

Ilipokatika, bibi alikuja anateleza na kanga ya msibani. Akanyanyua turubai, akanusa, akalirudisha taratibu.

"Mmewafungisha ndoa," akasema, "na mahari sijapokea."

Jirani naye akafika anahema, beseni kichwani. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akaona dagaa wake wakavu. Alitua beseni, akapiga magoti, akaanza kuchambua dagaa mmojammoja kutoka kwenye michembe. Dakika chache baadaye bibi naye akakaa chini, akaanza kuchambua. Tulichambua mpaka giza likaingia. Dagaa tuliwatoa. Harufu ilibaki.

Bibi alijaribu kila dawa. Aliirudisha michembe juani, akailoweka, akamwaga maji, akaloweka tena, akaweka limau. Jumamosi alitwanga karanga nyingi kuliko kawaida. Nyumba nzima ikanukia karanga, na chini ya karanga, dagaa, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia miguu ikiwa nje.

Wakwe walichelewa. Kipindi hicho pale Busisi unavuka kwa kivuko, na foleni siku hiyo ilikuwa ndefu. Wakaingia jua linaelekea kuzama, wamekauka midomo. Salamu zikapita, maji ya kunawa yakapita, mama mdogo akaingia na bakuli. Akapiga goti, akaweka. Mimi na kaka tulikuwa tunachungulia mlangoni.

Mama mkwe alitia kipande mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Michembe hii mmeanika wapi?"

"Juu ya jiwe, hapo nyuma," bibi akajibu.

"Na dagaa?"

Mama mdogo ndiye aliyejibu, macho chini.

"Na dagaa, mama. Mvua ilitukuta, turubai lilikuwa moja. Dagaa walikuwa wa jirani na mwenyewe hayupo. Nilishindwa kuwaacha walowe."

Mama mkwe akamtazama mama mdogo, akamtazama sana. Halafu akameza, akasogeza bakuli mbele.

"Niongeze, mwanangu."

Akaongezwa. Akaongezwa tena. Wakati wa kuondoka akaomba afungiwe ya safari. Kila mtu pale nyumbani anasema aliupenda moyo wa mama mdogo. Mimi nilisema tangu siku ileile, na nikapigwa kofi kwa kusema: ilikuwa ni njaa ya foleni ya kivuko.

Kesho yake alfajiri nilimkuta bibi juu ya jiwe na ndoo ya maji, anasugua. Jirani alipotoka na dagaa wake akashangaa.

"Shikamoo mama. Mstari uko wapi?"

"Marahaba. Umeondoka na mvua."

Mvua ilipita Alhamisi, mstari ulikuwepo mpaka jana. Sikusema. Kofi la jana yake lilikuwa bado la moto. Kuanzia siku hiyo walianika bega kwa bega, wakipokezana turubai, na michembe yetu yote iliyofuata ilikuwa na ile harufu. Tukaizoea, mpaka tukadhani ndivyo michembe inavyotakiwa kunukia.

Jiwe halipo tena. Lilipasuliwa likawa kokoto, na juu ya nafasi yake kuna ghorofa yenye geti. Bibi tulimzika kijijini kwao. Jirani alihama, sijui kaelekea wapi, na turubai sijui lilifunika nini mara ya mwisho. Kivuko pia tumekiacha, daraja limejengwa, gari linapita juu ya maji kama halijaona kitu.

Basi ile juzi, kutoka dukani nilipitia kwa mama mmoja anayeuza dagaa barabarani. Nikanunua fungu. Nilipofika nyumbani nikamwaga dagaa na michembe ya pakiti kwenye mfuko mmoja, nikafunga fundo, nikauweka dirishani juani. Mpangaji mwenzangu ameshauliza mara kadhaa nini kimefia humu.

Jumamosi mama mdogo anakuja kunitembelea kutoka Geita. Atapita darajani, hakuna foleni, atafika ameshiba. Nitamwekea bakuli mbele, nikae kimya, nione kama ataomba aongezwe.