Jibu Nililonyimwa

Kwetu ziwani wanaume hawakutahiriwa. Alama yetu ya utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini, na yangu yalikuwa yamekwenda zamani nilipoingia shule ya misheni ya kufunza walimu, katikati ya mashamba ya chai ambako baba yangu alikuwa akikata msitu. Wenzangu wengi walikuwa Wakipsigis, wenyeji wa huko. Kwao, asiyepita jandoni ni mtoto hata akiota mvi.

Jumamosi moja alasiri tulikuwa na mjadala: nani anafaa kuwa mwalimu? Jirani yangu wa dawati, msemaji hodari kuliko sisi sote, alisimama akaninyooshea kidole.

"Huyu hajatahiriwa. Ataenda kufundisha wanaume namna gani? Mtoto anafundishwa, hafundishi."

Darasa likaangua kicheko. Masikio yaliniwaka moto, lakini jibu nilikuwa nalo, tena tamu. Kwa desturi yao mwanamume hali sahani moja na mtoto. Naye, tangu tufike shuleni, alikuwa akimega ugali mmoja na mimi. Basi alikuwa akila na nani?

Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, mkuu wa shule, mzungu mwenye ndevu nyekundu, alipiga meza.

"Wewe kaa. Hapana jibu."

"Bwana, naomba nimjibu mwenyewe."

"Hapana. Hii kazi yangu."

Akamwamuru mwenzangu apige magoti mbele yangu aombe msamaha, ama aondoke shuleni. Akaongeza kwamba jando lao na meno yetu yote ni mambo ya giza, na hataki kuyasikia tena. Alikuwa akinitetea, eti, na papo hapo ametutukana sote. Hasira yangu ikahama kutoka kwa mwenzangu ikamwendea yeye.

Mwenzangu alibaki amesimama, na nilijua hawezi. Anipigie mimi magoti mbele ya watu wa rika lake, halafu arudi kwao na uso gani?

"Bwana, mimi sitaki magoti yake," nikasema.

"Neno moja tena, na wewe unakwenda."

Nikakaa. Mwenzangu akatoka, akachukua blanketi lake bwenini, akaenda zake.

Nilisubiri mkuu aende nyumbani kwake kunywa chai, kisha nikatoka mbio. Nilimpata mwenzangu kwenye njia ya Litein, akielekea kwao. Nilimmwagia jibu langu lote, ugali na kila kitu, huku nikitweta. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa moyo.

"Hiyo jibu iko sawa kabisa. Ungesema kule ndani, ningekaa chini ninyamaze."

"Nilikatazwa. Si ulisikia?"

"Nilisikia. Na darasa lote walisikia." Akalitupa blanketi begani. "Mimi nilisema tu wewe ni mtoto. Huyo mzungu ndiye amewaonyesha."