Kapeti Rangi ya Maziwa

Ghati hakuinunua ile Pijo kwa kuipenda. Aliinunua kama mtu anavyomnunua fahali aliyemuua ndugu yake, apate kumchinja kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari nyuma ya soko la Mugumu, mwanamke wa makamo, mkono mwepesi kwenye cherehani na moyo mgumu kusahau. Siku hiyo alikuwa anapita gereji kutafuta sponji, akaiona Pijo 504 nyeupe imepandishwa juu ya matofali, inangoja kukatwa chuma chakavu. Mlango wa nyuma ulikuwa umebonyea karibu na kitasa. Ghati alisimama pale hadi fundi akamuuliza kama anaumwa. Mlango ule aliwahi kuushika, na aliyemwachisha alikuwa Waitara wa Itiryo.

Ile miaka ya mvua za El Nino, Waitara peke yake ndiye aliyekuwa na gari upande ule, na fahari yake haikuwa injini, ilikuwa kapeti. Aliyepewa lifti alivua viatu, akavipakata mapajani, akashukuru. Asubuhi moja Ghati alibebwa kwa machela ya fito mpaka uani kwake, mimba ya kwanza, damu inamtiririka, hospitali iko mbali na barabara ni tope tupu. Mumewe alipiga magoti kwenye maji. Waitara aliichungulia machela, akazitazama kapeti zake, akamwambia mume, "Damu haitoki hata ikifuliwa, mura. Hizi kapeti ni za Nairobi." Ghati alikuwa ameushika mlango. Waitara akamwachisha kidole kimoja kimoja, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwondoa kuku mezani.

Wakakodi mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa, wa kiume, na tumbo la Ghati halikushika tena. Mumewe akaoa mwingine. Ghati akahamia Mugumu, akajifunza kazi, akapata ng'ombe wake, na kwa desturi ya nyumba ntobhu, ile inayomruhusu mwanamke asiye na mtoto kuoa mke ili nyumba yake isizimike, akamwoa Boke. Boke akamzalia watoto, na Ghati aliwapenda kuliko macho yake. Lakini yule wa kwanza alikuwa na deni lake, na halikuwa la ng'ombe.

Injini aliwaachia mafundi wa gereji. Kapeti alikataza mtu kugusa. Alifungua viti mwenyewe, akaibandua kapeti ya Nairobi iliyooza, na chini yake, pale miguu ya abiria wa nyuma hukaa, akakuta kiota cha panya. Vitoto vya pinki, macho hayajafunguka, vimelala juu ya manyoya ya ile ile kapeti.

"Njoo uone, Boke," aliita. "Panya amejifungua salama. Hakuambiwa kwamba damu haitoki."

Boke alikuja akacheka, kisha akauona uso wa Ghati, akaacha.

Sakafu ilikuwa na matundu ya kutu. Ikachomelewa, ikasuguliwa, ikapakwa rangi. Ghati akapasua mifuko ya saruji, akaikandamiza kila pembe ya gari mpaka karatasi ikashika umbo, akaichora kwa chaki, akaikata. Kapeti yenyewe aliifuata Sirari, nene, nzito, rangi ya maziwa.

"Mama," Boke alisema, "kwa tope hili la kwetu? Hata unyayo wa kuku utaonekana."

"Ndivyo ninavyotaka."

Kipande cha kwanza alikiharibu. Aliilaza karatasi juu ya mgongo wa kapeti bila kuigeuza, akakata, na cha kulia kikatoka cha kushoto. Akamtukana Waitara kwa Kikurya, utadhani ndiye aliyeshika mkasi. Ile nundu ya katikati, panapopita shafti, ilimtoa jasho. Aliilowesha kapeti kwa maji ya moto, akaivuta na kuikanda kwa viganja mpaka ikatulia bila kunyanzi. Kingo akazizungushia ngozi. Cherehani ilipovunja sindano alimalizia kwa mkono, na kila sindano ilipopenya alijua inapenya wapi. Mwisho akazifunga kapeti sakafuni kwa vifungo vya kubana kama vya koti, zipate kutolewa na kufuliwa.

Kisasi chake kilikuwa kimoja tu, na alimweleza Boke waziwazi: Waitara asimame mbele ya watu wanaomheshimu, avue viatu, avipakate. Aonje.

Mungu, au shetani, hakukawia. Siku hizi harusi bila gari la zamani haina sifa, na Pijo ya Ghati ilianza kuitwa huku na huku. Ndipo alipopiga simu binti mmoja, Lilian, anaolewa, nyumbani kwao ni Itiryo. Alisikia lile gari ni la baba yake la zamani. "Baba atalia kwa furaha," alisema.

"Atalia," Ghati alijibu.

Siku ya harusi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ghati aliingia na Pijo uani kwa Waitara, magurudumu yakiteleza. Watu walikuwa wamejaa, na waliotoka kwa bwana harusi wamekaa mbele, wale wakwe ambao mzee wa Kikurya hawezi hata kukohoa ovyo mbele yao. Waitara akatoka na fimbo yake, suti nyeusi, mzee lakini shingo bado ndefu. Lilian alikuwa amekwisha kuketishwa kiti cha nyuma, amebebwa na shangazi zake asikanyage tope.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti."

"Hapa kwangu viatu vinavuliwa."

Alisema kwa sauti ya kusikika. Wakwe wakageuza vichwa. Ghati aliungoja uso ule uanguke. Aliungoja miaka yote.

Waitara akacheka. Alicheka mpaka fimbo ikatikisika, akainama, akavua kiatu cha kwanza, cha pili, akasimama topeni na soksi zake. "Mmemsikia?" aliwaambia wakwe. "Huyu ndiye mwenye gari! Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Usipovua, hupandi. Binti, wewe umezitunza kama nilivyozitunza mimi."

Watu wakacheka naye. Ghati alihisi kisasi chake chote kinamfia mkononi. Hakukumbuka. Yule mzee hakukumbuka hata chembe, na sasa anamsifu, anamwita mwenzake. Hasira ikampanda.

"Vaa," alisema.

"Nini?"

"Vaa viatu vyako. Upande navyo."

Waitara alivaa huku akishangaa. Viatu vilikuwa vizito kwa tope jekundu. Akainua mguu kuuingiza garini, akaiona ile kapeti nyeupe, na mguu ukasita. Ukabaki hewani.

"Si itaharibika?"

"Hivyo hivyo," Ghati alisema, na sasa alikuwa analia bila kujali. "Hivyo hivyo ndivyo ulivyosita. Mimi ni Ghati, mke wa Kisyeri. Nililetwa hapa hapa kwa machela, natokwa damu, nimeushika mlango huu. Ukanibandua vidole. Alikuwa mtoto wa kiume. Kanyaga, mzee."

Hakuna aliyecheka tena. Waitara alimtazama, akautazama mlango uliobonyea, na kinywa chake kikalegea. Lakini mguu haukushuka. Alikumbuka, kila mtu aliona amekumbuka, na bado mguu uliogopa kapeti.

"Baba," Lilian alisema kutoka ndani, sauti ndogo, "kanyaga."

Akakanyaga.

Njia nzima alikaa amejikunja, magoti juu, amegusa kwa visigino tu kama mtu anayevuka mto. Ghati alimwona kwenye kioo, na hakuna shimo la barabara alilolikwepa. Walipofika kanisani mzee alishuka polepole, akashika mlango, akasimama pale hadi watu wote wakatangulia.

"Mama," alisema, "nisamehe."

Ghati akamgeukia.

"Nimeichafua sana kapeti."

Ghati akamfungia mlango.

Jumatatu alivifungua vifungo, akazitandika kapeti uani, na Boke akazimwagia ndoo ya maji. Tope jekundu lilitoka kwa maji ya kwanza, ya pili yakatoka meupe. Boke alisugua kidogo, akainuka na brashi mkononi.

"Limetoka lote," alisema. "Na damu je, mama? Ingetoka?"

"Maji baridi na chumvi," Ghati alisema. "Angemuuliza mwanamke yeyote."