Hapo Hapo, Baba

Watoto wa mtaani walimwita Hapo Hapo, naye hakuwahi kuuliza kwa nini. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa kucheka kwanza na kuelewa baadaye, na miwani ya kazi aliivaa kichwani kama kofia kwa sababu, alidai, machoni inamziba. Lakini cheo chake nyumbani hakikutokana na mageti. Kilitokana na antena.

Televisheni yao ilikuwa kubwa kama kabati na kaidi kama punda. Kila Jumamosi jioni, kilipoanza kichekesho cha ile familia yenye vijana watundu, picha ilijaa chenga mpaka baba asimame nyuma ya televisheni na kushika antena. Binti yake na rafiki zake wawili, Kibonge na Twiga, walijazana kwenye kochi wakimwelekeza kama dereva anayerudisha lori nyuma: kushoto, juu kidogo, inua mguu. Siku moja mama alimkuta amesimama kwa mguu mmoja, sufuria kichwani, akauliza kama huyu mwanamume amelewa au amerogwa.

"Niache, mke wangu," akajibu. "Ndiyo kwanza imetulia."

Sufuria lilikuwa wazo la Kibonge. Ndiye pia aliyegundua kwamba antena ikifungwa waya mpaka kwenye nondo ya dirisha, picha inatulia yenyewe kama maji mtungini. Wakaufunga waya kimyakimya, wakaufunika na pazia, na Jumamosi iliyofuata wakamsimamisha baba vilevile. Hapo hapo, baba, usisogee. Walicheka mpaka machozi, naye kule nyuma akacheka nao, akidhani wanachekea kichekesho.

Binti alikusudia kumwambia. Mwanzoni aliogopa kofi, baadaye akaona utani umeshachacha, kisha kazi ikampeleka mji mwingine, na kila akipiga simu alisema anakuja mwezi ujao. Macho ya baba hayakuusubiri mwezi ujao. Alipofika hatimaye, amebeba televisheni bapa ya kutundika ukutani, na vile vichekesho vya zamani vyote vimo mtandaoni, mzee alimtambua kwa sauti.

Binti akaitundika, akamkalisha baba katikati ya kochi, mahali pa Kibonge. Leo na wewe unaangalia, alimwambia. Mzee akawa anamalizia maneno ya waigizaji kabla hawajayasema. Halafu akauliza taratibu:

"Mwanangu, yule baba mwenye sauti nzito, ni mnene?"

"Mwembamba, baba. Kama ufito."

"Kumbe. Mimi siku zote nimempa kitambi."

Mara mtandao ukakwama, sauti ikakatika. Kabla binti hajamzuia, mzee alikwisha kuinuka, anapapasa ukuta.

"Sasa hii nyuma yake iko wapi?" akauliza.

Hakuipata. Akashika ukingo wa televisheni, akafikiri kidogo, akainua mguu mmoja. Na mtandao, kwa ukorofi wake, ukarudi.

"Hapo?"

Binti alikuwa amekuja kumkalisha. Alifungua mdomo amwambie habari za waya na pazia, akauona uso ule, umefurahi kama uso wa mtu aliyeitwa kazini tena.

"Hapo hapo, baba," akasema, akaenda kumshikilia asianguke.