Ngamia wa Ayeeyo Katikati ya Barabara

Nimevuka barabara za miji mingi tangu niondoke Garissa, nyingine zina taa na mistari ya pundamilia, na bado sijaona kivuko kilichofanya kazi kama cha mtaa wetu wa Iftin miaka ya tisini. Chetu kilikuwa kinacheua.

Shida yetu ilikuwa pikapu za miraa. Zilifika saa ileile tuliporudi shuleni baada ya chakula cha mchana, zikikimbia kana kwamba mzigo ungenyauka kabla ya kona. Siku moja pikapu iliikwangua baiskeli ya mtoto wa jirani. Mtoto akatua kwenye ua wa miiba, akatoka na kaptura iliyochanika tu. Baiskeli ilijikunja kama sambusa.

Mama akaifungia yangu stoo. "Mpaka hii njia iwe salama, shule hakuna," akasema. "Utaenda Griftu kwa mjomba, uchunge mbuzi. Mbuzi hawaendeshi gari."

Nilikuwa darasa la nne, na mbuzi nilikuwa nawajua vya kutosha.

Ayeeyo, nyanya yangu mzaa mama, alikuwa amekuja kukaa nasi pamoja na ngamia wake jike, maana hakuamini maziwa ya kununua mjini. Alisikiliza yote. Kesho yake mchana alimwongoza ngamia hadi katikati ya barabara na kumlaza hapo.

Pikapu ikaja, ikafunga breki. Kwetu hakuna dereva anayetaka kugonga ngamia. Anajua wazee wa pande mbili watakaa kumjadili mpaka atamani yeye ndiye aliyegongwa. Huyu alikuwa kijana Mmeru mwenye kofia. Akapiga honi.

"Usibige hiyo kitu," Ayeeyo akamwambia kwa Kiswahili chake kisichojua 'p'. "Maziwa nakauka. Wewe mtoto ya nani?"

Swali hilo kwetu Wasomali halikataliwi. Mtu hutaja baba, babu, baba wa babu, na kuendelea mpaka undugu upatikane mahali fulani. Sisi tulikariri majina hayo kabla ya kujua kusoma. Kijana alitaja baba, akataja babu, akakwama.

"Mbili tu?" Ayeeyo akamwangalia kwa huruma. "Ngamia hii, mimi najua nyanya yake tano."

Abiria waliokaa juu ya magunia wakacheka. Wakati huo sisi tulikuwa tunavuka, wa miguu mbele, wa baiskeli nyuma, wala hatukuwa na haraka.

Mama aliona aibu. "Hooyo," akamwambia mama yake, "mji mzima unatutazama."

"Wacha natazama. Mwenye natazama nakwenda bolebole."

Kesho yake yule kijana alirudi na jina la baba wa babu, alilolipata kwa kumuuliza mama yake. Wiki iliyofuata alikuwa na wa tano. Madereva Wasomali ndio walioteseka zaidi: walitaja majina ishirini, wakagundua Ayeeyo ni shangazi, na baada ya hapo wakabebeshwa salamu za kila ndugu aliyeko njiani. Nani atampita shangazi mbio? Baiskeli yangu ikatoka stoo.

Kisha mvua ikanyesha Wajir, na Ayeeyo akaondoka na ngamia wake pamoja na wachungaji waliokuwa wakielekea huko. Mchana wa kwanza bila yeye, Mama alinisindikiza hadi kando ya barabara, mwiko wa jikoni bado mkononi, akakamata kiti cha baiskeli kwa nguvu. Nilijua akinirudisha nyumbani, safari ya Griftu iko palepale.

Pikapu ya yule Mmeru ikatokea kwenye kona, ikapunguza mwendo. Kijana akaangalia mahali pa ngamia, akakuta patupu, akaanza tena kukanyaga mafuta.

Mama akaachia kiti. Akatembea hadi katikati ya barabara na mwiko wake mkononi, akasimama.

"Wewe," akasema, "umefika babu wa ngapi?"

Kijana akazima injini. "Wa sita," akasema, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Mama, bila kugeuka, akanipungia mwiko nivuke.